Jina Lililokwanguliwa

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mwone ninachokiona mimi. Ni asubuhi. Ukungu mweupe umelala juu ya mto, mzito hata ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Kando ya mto kuna matete marefu. Ndani ya matete amesimama mwanamke, maji yamemfika kiunoni, na maji hayo ni ya majira ya baridi. Mkono wa kulia amembeba mtoto mchanga. Mkono wa kushoto amembeba mtoto mchanga mwingine. Hasogei. Hakohoi. Sikilizeni: chwa, chwa, chwa. Hayo ni makasia. Mashua ndefu zinapita karibu naye, mashua zenye vichwa vya majoka vilivyochongwa, na ndani yake wamo watu wanaosema lugha asiyoijua. Ananusa lami ya mashua zao. Mtoto mmoja akilia, akilia mara moja tu, basi wote watatu wamekwisha.

Mmemwona? Haya, fumbueni. Mshikeni mwanamke huyo akilini, maana kila kitu kinaanzia kwake.

Hapo zamani, zamani ambayo hata mawe ya ngome yalikuwa bado yana alama za patasi, kulikuwa na ukoo mkubwa wa mabwana katika nchi ya Wafaranki, huko kaskazini kunakoanguka theluji. Waliitwa mabwana wa Aldemonti. Majirani waliwaogopa, wafalme waliwaalika mezani. Lakini wao wenyewe waliogopa kitu kimoja, nacho kilikuwa swali. Swali lenyewe ni hili: babu yenu wa kwanza alikuwa nani?

Ukiwauliza hivyo, wangekupeleka kanisani na kukufungulia kitabu cha majina, kitabu cha ngozi ya ndama. Ukurasa mmoja ulikuwa na mahali palipokwanguliwa kwa kisu, mpaka ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo ukoo wao ulipoanzia, na hapo hapakusomeka.

Niwaambie sasa kilichotokea.

Kabla ya ukoo huo, ngome ya Aldemonti ilikuwa ya Bwana Ragenari. Mkewe alikufa siku alipojifungua, akaacha mtoto mmoja wa kiume, naye akabatizwa Ragenari kama baba yake. Mtoto huyo alihitaji maziwa, akatafutiwa yaya. Yaya aliitwa Gerlinda, mke wa Wulfoaldi mchunga nguruwe. Gerlinda naye alikuwa na mtoto wake wa kiume, wa umri uleule, ambaye hakuwa amebatizwa bado, kwa kuwa watu wadogo walingoja Pasaka. Basi Gerlinda alinyonyesha watoto wawili. Wa kwake upande wa kulia, wa bwana upande wa kushoto. Wa bwana alifungwa utepe mwekundu wa sufu kiunoni, utepe uliofumwa na marehemu mama yake. Wa kwake alifungwa kamba tu.

Kisha siku moja walinzi waliona moshi mtoni. Watu wa mashua walikuwa wanakuja, nao walikotoka walikuwa wameacha majivu. Bwana Ragenari alishuka kivukoni na wanaume wote aliokuwa nao, hata wachunga nguruwe wenye fimbo. Akamwambia Gerlinda, "Chukua watoto, nenda kwenye matete. Usitoke mpaka usikie kengele."

Gerlinda alikwenda kwenye matete. Hapo ndipo mlipomwona.

Kengele ilipolia, mashua zilikuwa zimeondoka na jua limefika juu. Bwana Ragenari alikuwa amekufa kivukoni. Wulfoaldi mchunga nguruwe alikuwa amekufa kando yake, fimbo yake ikiwa imevunjika vipande viwili. Gerlinda akatoka majini akitetemeka. Akawatazama watoto. Mmoja alikuwa anapumua. Mmoja hakuwa anapumua. Yule mtoto wa bwana, yule Ragenari mdogo, baridi ilikuwa imemchukua.

Gerlinda hakupiga kelele. Alimzika mtoto yule palepale ukingoni kwa mikono yake, akaweka juu yake jiwe bapa la mtoni. Lakini kabla ya kumzika alifungua ule utepe mwekundu. Akaukamua maji. Akamfunga nao mwanawe.

Kwa nini? Msimhukumu haraka, kwanza mjue habari za Odovakari.

Odovakari alikuwa bwana wa Brakia, jirani yao, ng'ambo ya msitu. Nchi ikikosa mrithi, ilikuwa inaangukia kwa jirani, na jirani alikuwa yeye. Mbele ya lango lake palikuwa na mti wa mwaloni. Mti huo haukupata kukaa siku saba bila mtu kuning'inia. Aliyechelewa kuleta kuni aliningʼinizwa. Aliyecheka wakati bwana hajacheka aliningʼinizwa. Watu wa Aldemonti walikuwa mia tatu, na wote, tangu vikongwe hadi watoto wa kutambaa, walijua mti ule una matawi mangapi. Gerlinda alipokuwa anapanda kilima alisikia wanawake wakilia, "Bwana amekufa! Tumekuwa wa Odovakari!" Kisha mmoja wao akauona utepe mwekundu. Akasema, "Tazameni! Mwana wa bwana yu hai!" Wakamzunguka, wakabusu miguu ya mtoto. Hakuna aliyeuliza mtoto wa pili yuko wapi. Walidhani wanajua.

Gerlinda alifungua mdomo. Akaufunga.

Tangu siku hiyo mwanawe akawa mwana wa bwana. Naye mwenyewe akawa yaya wake tu.

Lakini Odovakari hakuwa mjinga. Baada ya majuma matatu alifika na mjumbe wa mfalme, akasema, "Mchunga nguruwe alikuwa na mtoto. Bwana alikuwa na mtoto. Leo namwona mmoja. Nani atashika chuma kuapa kwamba huyu ni wa bwana?"

Hiyo ilikuwa sheria yao. Mwenye kuapa alishika chuma kilichotoka motoni, akatembea nacho hatua tisa. Mkono wake ulifungwa kitambaa, kitambaa kikapigwa muhuri wa nta. Siku ya tatu padri alifungua. Kidonda kikiwa safi, aliyeapa amesema kweli. Kidonda kikiwa kimeoza, ameapa uongo, na wote aliowaapia wamepotea pamoja naye.

Watu wakatazamana. Halafu wote, kama waliopatana, wakamtazama Folkari mhunzi.

Folkari alikuwa na viganja vinene kama nyayo. Watoto wa Aldemonti waliamini kwamba hawezi kuungua, na wazazi wao waliamini vilevile. Walimwona kila siku akiokota makaa yaliyoanguka na kuyarudisha motoni kwa vidole.

"Folkari," wakanong'ona, "wewe moto ni kazi yako. Hatua tisa si kitu kwako."

"Makaa nayashika kwa kupepesa jicho tu, enyi wapumbavu," Folkari akajibu kwa sauti ya chini. "Chuma nakishika kwa koleo. Mnadhani koleo nilizifua kwa urembo?"

Hata hivyo akamwendea Gerlinda, akamtazama mtoto. Kidole kidogo cha mkono wa mtoto kilikuwa kimepinda kwa ndani. Folkari alikijua kidole kile. Alikuwa amekunywa na kucheka miaka mingi na mtu mwenye kidole kama kile, na mtu huyo alikuwa Wulfoaldi mchunga nguruwe.

Folkari akamtazama Gerlinda. Gerlinda akatazama chini. Nje ya lango, farasi wa Odovakari walikuwa wanapiga kwato.

"Kutoka kwenye moto wangu hadi kwenye ndoo ya maji ni hatua tisa," Folkari akasema. "Nimezitembea maisha yangu yote."

Akaapa kwamba mtoto yule ni wa bwana. Kisha akakishika chuma kwa mkono wake wa kulia, mkono wa nyundo, akatembea. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika ya tano watu waligeuza nyuso. Alipofika ya tisa alikitua chini taratibu, kama mtu anayetua yai, halafu akakaa chini mwenyewe. Hakulia. Odovakari akapiga muhuri wa pete yake kwenye nta, akasema, "Siku tatu si nyingi. Kaeni mkitayarisha kamba, mnipunguzie kazi."

Siku hizo tatu hakuna aliyepika Aldemonti. Watu walikula mkate mkavu wakiwa wamesimama.

Siku ya tatu ikawa ni zamu ya padri. Padri wao aliitwa Ansberti, mtu mwoga, mwembamba, aliyetunza kitabu cha majina na ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumpendeza mgonjwa. Folkari akaletwa mbele ya altare. Ansberti akatia ubani mwingi kwenye chetezo, moshi ukajaa. Akasimama akiwapa watu mgongo. Akavunja muhuri. Akafungua kitambaa.

Kiganja kilikuwa kimeoza hadi kwenye mfupa.

"Mbona ubani mwingi leo, Padri?" Odovakari akaita kutoka mlangoni.

"Ni sikukuu ya mashahidi, Bwana."

"Unaona nini?"

Ansberti akakitikisa chetezo, kli, kli, kli, moshi ukazidi. Alikuwa anaamini, wanangu, aliamini kwa moyo wote, kwamba anayesema uongo mbele ya altare ile anaingia motoni na hatoki milele. Akakitazama kidonda. Akawasikia watu mia tatu nyuma yake wakizuia pumzi.

"Safi," akasema.

"Nionyeshe!"

"Sheria inasema padri aone, watu wasikie. Nimeona. Nimesema. Ni safi."

Mjumbe wa mfalme akaitika kwa kichwa. Odovakari akatema mate kizingitini, akaondoka. Ansberti akafungua kitabu, akaandika kwa mkono wake kwamba mtoto yule ni Ragenari, mwana wa Ragenari. Tangu siku hiyo hakula tena mkate wa altare. Aliwagawia wengine, yeye akajiruka.

Basi hesabuni vile walivyotoa. Gerlinda alitoa mwana. Folkari alitoa mkono. Ansberti alitoa roho yake, au aliamini ameitoa, na kwake ni mamoja.

Miaka ishirini na sita ikapita. Mtoto akakua. Watu walimwita Bwana Kijana, hata alipoota ndevu. Akawa bwana mwema. Alijenga daraja lenye minara miwili pale kivukoni, na mashua za majoka hazikupita tena. Hakujua lolote. Gerlinda alimwita "Bwana wangu", naye akamwita "Yaya". Folkari aliuvisha mkono wake mfuko wa ngozi, na vijana waliambiwa kwamba uliangukiwa na nyundo. Hakufua tena, hakuoa. Ansberti alizeeka akiwa anaogopa hata moto wa mshumaa.

Bwana Kijana akaoa mwanamke aitwaye Teodrada, msichana wa milimani asiyeuma maneno. Wakapata mtoto wa kiume. Hapo ndipo hofu yote ya zamani ilipoamka.

Kwa maana Wafaranki wale hawakuokota majina. Jina lilikuwa mali ya nyumba, kama shamba. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la yule aliyeianzisha nyumba yake. Baba alilitamka mwenyewe kwa sauti juu ya maji ya ubatizo, mlango wa kanisa ukiwa wazi, majirani wakisikia. Ukitamka jina la nyumba isiyo yako, umeiba mbele ya Mungu. Ukiliacha jina la nyumba uliyorithi, umekiri kwamba haikuwa yako. Na jina likishatamkwa juu ya maji halirudi.

Asubuhi ya ubatizo Odovakari akafika. Alikuwa mzee sasa, kipofu wa jicho moja, lakini alikuja na wapanda farasi arobaini. "Msiogope," akawaambia walinzi, akicheka peke yake. "Nimekuja kusikia jina tu. Sikio langu bado zima."

Ndani ya kanisa walikuwa wanamtayarisha mtoto. Teodrada akampa Gerlinda amshike, ili yeye afunge kilemba chake. Gerlinda akamfungua mtoto mikono. Akakiona kidole kidogo cha mtoto, kimepinda kwa ndani.

Wanangu, mwanamke yule alikuwa amenyamaza miaka ishirini na sita. Aliweza kunyamaza mbele ya mashua, akaweza kunyamaza mbele ya Odovakari. Mbele ya kidole kile hakuweza. Akaketi sakafuni na mtoto, akalia hadi sauti ikakauka, na kilio kilipokwisha alisema yote. Alianza na matete, akaja kwenye utepe, akamalizia na jiwe bapa ukingoni.

Bwana Kijana akasimama kama aliyepigwa kofi. Akamtazama Folkari, aliyekuwa kwenye kona na mfuko wake wa ngozi. Akamtazama Padri Ansberti, aliyekuwa ameshika kitabu.

"Ninyi pia mlijua?"

Padri akainamisha kichwa. Folkari akageuza uso.

"Fungeni mlango," akasema.

Mlango ukafungwa. Nje Odovakari akaupiga kwa fimbo: ngo, ngo, ngo. "Mbona mmejifungia? Jina linahitaji kupikwa?"

"Kwa hiyo mimi ni nani?" Bwana Kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nikisimama pale kwenye maji, nimtaje nani? Nani alianzisha nyumba hii?"

Gerlinda akafuta uso. "Mwite Wulfoaldi. Ndiye baba yako. Alikufa kivukoni na fimbo ya nguruwe mkononi, na hakuna aliyemwandika popote. Mimi nilikuzaa, nikakutoa. Umeniita yaya maisha yako yote, nami nikaitika. Ulipougua nilisimama nyuma ya waganga, kwa sababu yaya husimama nyuma. Sidai uniite mama. Nadai jina moja tu, la baba yako. Bila mimi ungekuwa chini ya jiwe, au ungekuwa unachunga nguruwe."

"Jina la mchunga nguruwe!" Folkari akasema. "Mama Gerlinda, huyo aliyeko nje atalisikia, atacheka, na mchana huu huu atapeleka habari kwa mfalme."

"Daraja lina minara miwili. Mwache acheke."

"Minara haizuii barua."

"Basi wewe unataka lipi?" Gerlinda akauliza.

Folkari akauvua ule mfuko wa ngozi. Bwana Kijana hakuwahi kuuona mkono ule. Akaona kitu kilichokauka, kilichokunjamana, chenye vidole viwili.

"Mama yako alikuzaa mtoto wa kawaida," Folkari akasema. "Ni mkono huu uliokufanya bwana. Nilikwenda hatua tisa nikijua naapa uongo. Baada ya hapo nani angemchukua mhunzi asiyeweza kushika nyundo? Sina mke, sina mwana. Nikifa, hakuna mtu duniani atakayeitwa kwa ajili yangu. Mwite Folkari. Ukiulizwa, sema unamheshimu aliyekuapia. Bila mimi ungekuwa tunda la mwaloni wa Brakia."

"Akisema hivyo," Gerlinda akamkatiza, "Odovakari atauliza kwa nini mhunzi aheshimiwe kuliko Bwana Ragenari. Nawe utamwonyesha mkono safi, siyo?"

 Folkari akaurudisha mkono mfukoni.

Ngo, ngo, ngo. "Nimezeeka nikiwa hapa nje!" Odovakari akaita. Wapanda farasi wake wakacheka. Ndani hakuna aliyecheka.

Padri Ansberti akasogea. Alikuwa amekibana kitabu kifuani.

"Sitaki sifa," akasema.

"Padri hataki sifa," Folkari akasema, "lakini amesogea."

"Naogopa, Folkari. Wewe uliungua siku moja. Mimi nitaungua milele." Akamgeukia Bwana Kijana. "Mwanangu, kila asubuhi mahali hapa hutajwa jina la aliyeanzisha nyumba, na watu wote humwombea. Vizazi hata vizazi. Mkono wa Folkari ulikuwa umeoza, nami nikasema ni safi. Kama ningesema kweli, wote tungekufa siku ile. Mwite Ansberti, ili watu wasiojua waniombee bila kujua. Labda Mungu atawasikia hao. Mimi hanisikii tena. Bila mimi kiapo cha Folkari kingetuua, na mwana wa Gerlinda angekufa wa kwanza."

Wote watatu wakawa wamesema. Bwana Kijana akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama huyu. Kila mmoja alikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa na uongo uleule. 

"Au nimwite Ragenari," akasema polepole, "kama watu wote wanavyotazamia. Odovakari atakosa neno. Watu mia tatu watalala salama."

"Hilo lina mwenyewe," Padri akasema. "Tulimwibia mara moja. Unataka kumwibia tena, juu ya maji?"

Hapo Teodrada akasema. Alikuwa amempokea mtoto wake kutoka kwa Gerlinda, amembana kifuani.

"Mama Gerlinda, nikuulize jambo. Pale kwenye matete, walilia?"

Gerlinda akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama anayefukuza kitu usoni.

"Mmoja alikuwa anataka kulia," akasema mwishowe. "Alikuwa anahangaika, anafungua mdomo. Kila akifungua mdomo nilimpa ziwa."

"Ni yupi?"

"Wangu."

"Na yule mwingine?"

"Yule mwingine alinyamaza. Alinitazama tu. Mashua zilipita, alinyamaza. Watu walishuka ukingoni wakachoma matete kwa mikuki, alinyamaza. Nikamshukuru, Teodrada. Nilimwambia kwa moyo, ahsante mwanangu kwa kunyamaza, kaa hivyohivyo." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Aliyelia nilimnyonyesha. Aliyenyamaza nilimshukuru. Nilipomgeukia nimpe na yeye, alikuwa wa baridi."

 Nje, fimbo ya Odovakari ilikuwa imeacha kupiga.

"Basi yupo wa nne," Teodrada akasema. "Ninyi mmesema, bila mimi, bila mimi, bila mimi. Bila yeye mngekuwa na nini? Mlitumia utepe wake. Mlitumia jina lake. Mlitumia hata kimya chake. Lakini sijui. Nikimwita mwanangu Ragenari, sijui kama nitakuwa nimemheshimu yule mtoto, au nimemfanya asiwepo kabisa."

Bwana Kijana akamchukua mwanawe. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama imetoka mtoni.

"Fungueni mlango," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Mwanga ukaingia, na Odovakari akaingia na mwanga, akiburuta mguu, akafika hadi kwenye birika la ubatizo, akainamisha kichwa ili sikio lake zima lielekee mbele. Nyuma yake watu wa Aldemonti wakajaa mlangoni, kimya, kama walivyokuwa siku ile ya kitambaa. Gerlinda akasimama nyuma, mahali pa yaya. Folkari akasimama kwenye kona. Ansberti akachota maji.

"Mtoto huyu aitwe nani?" Padri akauliza.

Bwana Kijana akafungua mdomo. Akatamka jina moja, kwa sauti, mara moja. Nalo halikurudi.

Jina hilo Padri Ansberti aliliandika kitabuni. Jina hilo ndilo baadaye mtu mmoja, hatujui nani, alilikwangua kwa kisu. Na msijaribu kulitafuta kwa wajukuu, kwa sababu ukoo ule baadaye ulikuwa na kina Ragenari, na kina Folkari, na kina Ansberti, na kina Wulfoaldi, wote wamelala chini ya mawe ya kanisa lile, kana kwamba kila kizazi kilijaribu kujibu upya. Sisi tunajua kwamba ukoo ulidumu. Yule kijana, siku ile, akiwa ameshika mtoto juu ya maji na sikio la Odovakari likiwa karibu naye hivi, hakujua.

Basi sasa maji yako mbele yenu. Mtoto yuko mikononi mwenu. Kuna mama aliyetoa mwana na kuitika yaya. Kuna mhunzi aliyetembea hatua tisa. Kuna padri aliyetupa pepo yake kwa neno moja. Kuna mtoto wa chini ya jiwe. Semeni, wanangu: ni nani kati yao aliyestahili jina lake, au jina aliloliomba, litamkwe juu ya maji yale?

Msijibu upesi. Bishaneni hata kesho, mwenye kukasirika akasirike kidogo. Lakini mnapobishana nawaomba, taratibu kabisa, mkumbuke kitu kimoja: kati ya wanne hao, watatu walijisemea wenyewe, na mmoja alinyamaza.